Watoto Waachiwe Njia Panda

Ni nani kati yetu asiyemjua fisi wa njia panda? Alisikia harufu ya nyama, akaifuata mpaka njia ikagawanyika, na harufu ikawa yatoka pande zote mbili. Akaweka miguu ya kuume njia hii na ya kushoto njia ile, akaenda hivyo hivyo mpaka akapasuka msamba. Hapo mwalimu hufunga kitabu akauliza: hadithi hii yatufundisha nini? Darasa zima hujibu kwa sauti moja kama waimbao: tusiwe na tamaa! Kengele hulia, watoto wakatoka nje.

Sisi twasema kwamba hadithi hiyo haikufundishwa, maana swali lake lenyewe halikuulizwa. Fisi alipaswa kushika njia ipi?

Mmoja wetu alilijaribu jambo hili nyumbani kwake jioni moja. Aliisimamisha hadithi pale njia panda, kabla fisi hajapasuka, akawaambia watoto: kama ninyi ndio fisi, mngefanyaje? Ikawa kelele. Mmoja alisema fisi akae chini kwanza anuse, upande wenye harufu kali ndio ulio karibu. Wa pili akambishia kwamba harufu huletwa na upepo, basi arushe vumbi aone upepo watoka wapi. Wa tatu alitaka fisi amwite mwenzake, kila mmoja ashike njia yake, kisha wagawane. Akachekwa, akaambiwa fisi hagawani na mtu. Ndipo binti mdogo, ambaye hata shule hajaanza, akauliza: kwani nyama yenyewe ni ya nani?

Wakubwa waliokuwapo walinyamaza. Miaka yote tuliyosimuliwa hadithi hiyo, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba ile nyama ilikuwa na wenyewe.

Wako watu wasemao kwamba kumwuliza mtoto shauri lake ni desturi ya kigeni. Hawasemi kweli. Wazee wetu walikuwa na hadithi nyingi zisizo na mwisho, ambazo mwisho wake ulikuwa kazi ya wasikilizaji. Vijana watatu wampenda msichana mmoja: mmoja ana kioo aonacho kwacho mambo ya mbali, mmoja ana mkeka urukao, mmoja ana dawa. Kioo chaonyesha msichana yu hali mahututi, mkeka wawafikisha, dawa yamponya. Aolewe na nani? Bibi hakusema. Watoto walibishana mpaka usingizi ukawachukua, na kesho yake kisimani wakaendelea.

Kadhalika yule mtu mwenye chui, mbuzi na mzigo wa majani, aliyefika mtoni akakuta mtumbwi uwezao kumchukua yeye na kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Tumewatazama watoto wakilihangaikia fumbo hili, na mara nyingi hukwama mahali pamoja. Kumvusha mbuzi kwanza wanajua. Kumfuata chui wanajua. Wasilolikubali ni kumrudisha mbuzi aliyekwisha kuvuka. Kurudi na kitu ulichokwisha kukifikisha waona ni kushindwa, tena ni aibu. Basi hukaa hapo, wakachora mto mchangani, wakafuta, wakachora tena, mpaka mmoja anapopiga kelele: arudi naye! Mtoto aliyejitafutia jambo hilo mwenyewe hahitaji kuambiwa na mtu kwamba mwenye busara hubadili shauri lake. (Wakubwa wengi, na viongozi wasiokosekana miongoni mwao, hawajavuka mto huo mpaka leo.)

Na tutazame Kisa cha Punda wa Dobi. Kimo katika hadithi alizozikusanya Unguja Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, zikachapwa London mwaka 1870. Sungura alimbembeleza punda kwa maneno matamu akampeleka kwa simba. Simba akamrukia, punda akapigana, akaokoka na majeraha yake. Sungura akamwendea mara ya pili na maneno yale yale matamu, punda akaenda tena, akafa. Kisha simba alipoutafuta moyo na masikio asivione, sungura, ambaye ndiye aliyekwisha kuvila, alijibu kwamba mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, asingalirudi.

Hapa tusiharakishe. Mtoto huambiwa kwamba hadithi hii yakataza ujinga. Sawa. Lakini punda aliporudi alikuwa akifanya lile tuwasifialo watoto kila siku: aliitwa, akaitika, aliambiwa njoo, akaja. Tukimfundisha mtoto kwamba kila mkubwa akisema jambo atii bila kuuliza, tumemfundisha pia kumtii mkubwa mwovu. Mtu mwenye nia mbaya juu ya mtoto hatumii maneno mengine. Hutumia yale yale yetu, njoo na nyamaza. Ni nani atakayekuwapo siku hiyo kumwambia mtoto jibu lililo sahihi? Ataliokota wapi neno la hapana, ikiwa hatukumruhusu kulisema hata kwa niaba ya punda?

Hatusemi kwamba wakoloni ndio walioleta mafundisho ya mwisho wa hadithi. Hekaya za Esopo zinayo tangu kale, na methali zetu nyingi zina hadithi nyuma yake. Walakini serikali ya kikoloni ilihitaji makarani na matarishi, na karani mwema alikuwa yule asiyeuliza kwa nini. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hilo katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, akataka shule zimpe mtoto moyo wa kudadisi na uwezo wa kutazama wafanyayo wengine, akayakubali au akayakataa kwa kadiri ya haja zake. Hilo la kukataa twaona limesahauliwa upesi.

Basi tusimsingizie Mwingereza. Tanganyika ilijitawala mwaka 1961, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzee mwenye wajukuu. Vitabu wasomavyo wajukuu hao vimeandikwa na sisi, vikachorwa na sisi, na bado vingi vyao mtoto mtiifu hupewa zawadi na mtoto mkaidi huliwa na zimwi. Neno lenyewe la kuchagua, mwanafunzi hulizoea zaidi katika karatasi ya mtihani: chagua jibu lililo sahihi. Jibu limekwisha kuchaguliwa na mwingine, kazi yake ni kulibahatisha.

Hata kitabu kizuri hufanywa hivyo. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, Adili huwapiga manyani wawili kila usiku kwa huzuni kuu, maana manyani hao ni ndugu zake waliomtendea ubaya, naye ameamriwa kuwapiga. Je, amri kama hiyo yafaa kutiiwa? Swali hilo lingeweza kulikesha darasa. Badala yake mwanafunzi huambiwa: taja tabia za Adili.

Tunajua wazee watatujibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Hatubishi. Twauliza tu mwamkunja aelekee wapi. Watasema pia kwamba mtoto aachiwaye kuchagua huharibika, huwa hana adabu. Lakini katika hadithi hizi hakuna aachiwaye ovyo: achaguaye vibaya mtumbwini hupoteza mbuzi wake, na watoto wenzake humwonyesha kosa bila huruma. Nyumbani twawapa shilingi waende dukani na twataka chenji sahihi. Twawapa mbuzi wawachunge kutwa nzima peke yao. Kwa mali yetu twaziamini akili zao. Kwa hadithi ya sungura hatuziamini.

Twawaomba waandishi na wachapaji wa vitabu vya watoto waufute ule mstari wa mwisho usemao hadithi hii yatufundisha, na mahali pake waache nafasi tupu. Nafasi hiyo itapunguza gharama ya wino. Waalimu, ambao twajua wana vipindi vifupi na madarasa yaliyojaa, watupe dakika tano tu kabla fisi hajapasuka. Na wazazi hawahitaji kitabu wala ruhusa ya mtu. Leo usiku watasimulia kama kawaida yao, wafike njia panda, wanyamaze. Yule binti wa nyama ya wenyewe naye bado anangoja kujibiwa.