“Mimi siyo wakili, ila…”

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, swali la sheria halikosi wa kulijibu. Mama anaandika kuwa ametengana na mumewe, mtoto wao wa miaka 4 amechukuliwa na baba, afanye nini? Jibu linaingia haraka: “Mimi siyo wakili, ila mtoto wa chini ya miaka 7 ni wa mama. Nenda kamchukue.”

Jibu hilo lina ukweli nusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inachukulia kuwa ni vyema mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama yake. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na mahakama inatakiwa kuzingatia pia athari za kumhamishahamisha mtoto. Uamuzi ni wa mahakama, na kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Mama akienda kumchukua kwa nguvu, huenda akazusha ugomvi mbele ya mtoto na kuupa upande wa pili hoja dhidi yake.

Maneno “mimi siyo wakili” yanamkinga aliyejibu asilaumiwe. Aliyeuliza hayamkingi kwa lolote. Ni kama jirani anayesema, “Mimi siyo daktari, ila mpe nusu kidonge.” Anayemeza kidonge ni mtoto. Tena mshauri anayeanza kwa unyenyekevu huo huonekana muungwana, na neno lake likaaminika zaidi.

Mshauri mwema huuliza kabla ya kujibu. Wazazi wako Bara au Zanzibar, ambako mashauri mengi ya ndoa za Kiislamu huenda Mahakama ya Kadhi? Je, walifunga ndoa? Kuna amri yoyote ya mahakama kuhusu mtoto? Kisha husema wazi anachokijua kinaishia wapi, na muulizaji aende kwa nani.

Pa kwenda papo. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri hushughulikia malezi na matunzo ya watoto. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwahudumia wasio na uwezo bila malipo. Na anayejitambulisha kuwa wakili, jina lake linaweza kutafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania kabla hajatumiwa hata shilingi.

Jambo la mwisho ni siri ya familia. Jina la mtoto, shule yake na picha za hati za mahakama havifai kuwekwa kwenye kundi. Ujumbe mmoja ukipigwa picha na kusambazwa, unaweza kufika kwa mzazi mwenzake jioni hiyohiyo, na kesho yake ukawa kielelezo mahakamani.