Meli ikizeeka ina sheria ya pa kukatwa. Lori la Tunduma je?

Tunduma haina bahari, lakini inaishi kwa meli. Mzigo unaoshushwa bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo unapita hapa kwa malori, na mwingine kwa reli ya TAZARA. Ndiyo maana sheria mpya ya meli za zamani ina somo kwa Songwe.

Juni 26, 2025, Mkataba wa Hong Kong ulianza kutumika duniani. Ulipitishwa mwaka 2009, ukasubiri miaka 16. Unauliza swali moja: meli ikimaliza kazi, inapelekwa kukatwa wapi?

Mkataba unataka nini

Meli ya kuanzia GT 500 inayosafiri kimataifa lazima iwe na orodha ya sumu zilizomo ndani yake, kama asbestosi na zebaki. Yadi ya kuikata lazima iwe na kibali cha serikali yake, na iandike mpango wa kazi kwa meli hiyo hiyo, si mpango wa jumla.

Sababu ipo. Meli nyingi kubwa huishia Alang (India), Chattogram (Bangladesh) na Gadani (Pakistan). Meli hupandishwa ufukweni maji yakijaa, kisha vijana wanaikata kwa moto wa gesi. Novemba 1, 2016, meli ya mafuta ililipuka Gadani ikiwa inakatwa. Zaidi ya wafanyakazi 20 walikufa.

Kwa nini wenye meli wanaenda huko?

Jibu ni bei. Meli chakavu huuzwa kwa tani ya chuma. Yadi isiyotumia hela kujenga sakafu ngumu, kuhifadhi oili chafu na kuwavisha wafanyakazi vifaa vya kujikinga, ina uwezo wa kumlipa muuzaji zaidi. Kile ambacho yadi haikulipia, wanakilipa mfanyakazi kwa mapafu yake na kijiji kwa maji yake.

Umoja wa Ulaya ulijaribu kuziba njia hiyo. Tangu mwisho wa 2018, meli yenye bendera ya nchi mwanachama inatakiwa ikatwe kwenye yadi zilizoidhinishwa tu, na yadi za ufukweni za Asia Kusini hazimo. Wenye meli wakapata mlango wa nyuma: unamuuzia dalali, dalali anabadili bendera, meli inaenda ufukweni kama kawaida.

Tanzania inajua bendera ya karatasi inavyoweza kumchafulia mtu jina. Januari 2018 serikali ilisitisha usajili wa meli za nje, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa na dawa za kulevya na milipuko kwenye bahari za mbali.

Tunduma haibadilishi bendera, ina mpaka

Sasa geukia barabarani. Lori nalo huzeeka. Kichwa kikishakufa, injini na gia vinauzwa kama spea, bodi inakwenda kwa mnunuzi wa skrepa. Mkataba wa Hong Kong haugusi lori hata moja, ila hesabu ni ile ile: mizani, bei ya kilo, hela mkononi. Anayetoa bei nzuri anachukua.

Na kama meli, lori halina chuma peke yake. Lina betri mbili kubwa, ambazo zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Lina oili chafu. Likiwa tenki la mafuta, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka fundi akiwasha gesi ya kukatia. Kilichotokea Gadani hakihitaji bahari.

Kinachofanana na bendera hapa ni mpaka. Nakonde ni hatua chache kutoka Tunduma. Mzigo uliobanwa upande mmoja unaweza kutafuta mnunuzi upande wa pili.

Sheria ipo. Chini ya kanuni za taka hatarishi za mwaka 2019, anayekusanya au kusafirisha taka kama betri chakavu anatakiwa kuwa na kibali. Kuivusha mpaka kunaingia kwenye Mkataba wa Basel, ambao Tanzania na Zambia zote ni wanachama: nchi inayopokea lazima ikubali kwanza kwa maandishi. Kuvuka kimya kimya ni kosa, hata kama mzigo ni wa bodaboda moja.

Bili huja baadaye

Anayedhani hayo ni makaratasi tu aangalie Mombasa. Mtaa wa Owino Uhuru uliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kuanzia 2007 hadi 2014. Risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na taasisi za serikali zikabebeshwa sehemu ya deni hilo. Kesi ilizunguka hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 ilirudisha ushindi kwa wakazi. Betri zilishauzwa zamani.

Na ukifuata barabara hii ya Tunduma hadi katikati ya Zambia, unafika Kabwe. Mgodi wa risasi ulifungwa 1994, lakini udongo bado una sumu, na watoto bado wanapimwa.

Mtihani mkubwa uko relini

Septemba 2025, Tanzania na Zambia zilisaini na kampuni ya China, CCECC, mkataba wa miaka 30 wa kufufua TAZARA, wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Ukifufua reli ya umri huo, kuna injini, mabehewa na vyuma vitakavyotoka kazini. Mnada ukiangalia bei ya tani peke yake, mshindi anaweza kuwa yule asiyelipia usalama wa mtu yeyote.

Dawa si kukataa skrepa, maana chuma hicho kinarudi kuwa nondo na kinalisha familia. Dawa ni muuzaji, awe shirika au mwenye lori moja, kuuliza maswali matatu kabla ya bei:

- Kibali chako kiko wapi?
- Betri na oili utampelekea nani?
- Tenki litasafishwa na nani kabla ya kukatwa?

Mnunuzi akikwepa hata moja, ile nyongeza anayokupa kwenye kilo kuna mtu mwingine anailipia.