Sampuli za Kolwezi zinafika maabara za dunia, vijana wake wanakwama kwenye karatasi

Mwaka 2018 jarida la sayansi Nature Sustainability lilichapisha utafiti kuhusu Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako tangu 2014 watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, pamoja na wenzao wa KU Leuven nchini Ubelgiji, walipima damu na mkojo wa wakaaji. Watoto wa eneo la machimbo walikutwa na kobalti katika mkojo mara 10 zaidi ya watoto wanaoishi mbali nayo. Jina la kwanza kwenye utafiti huo ni la Mkongomani, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu.

Tunakumbusha habari hiyo kwa sababu moja. Mashine za kupima ziko kwa wengine, lakini swali lilitoka hapa, kwa watu wanaojua mtaa unakuwaje pale sebule inapogeuka shimo. Leo ni nani wa Lualaba anayeandaliwa kuuliza swali linalofuata, kuhusu maji ya mto Musonoi, au vumbi la malori, au kobalti inayobaki kwenye mabaki ya viwanda na kutupwa?

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na mwaka 2024 ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, sehemu kubwa ikitoka katika jimbo letu. Kwa hiyo maabara nyingi za Ulaya, China na Marekani zinafanya kazi juu ya mawe yetu, na nyingi kati yake hutafuta wanafunzi wa udaktari na kuwalipa. Freiberg huko Ujerumani, chuo cha madini kilichoanzishwa mwaka 1765, kiko katika eneo ambako wachimbaji wa kale ndio walioipa kobalti jina lake. Changsha, China, kuna Central South University, jina ambalo wahandisi Wachina wa viwanda vya Kolwezi wanalifahamu vizuri.

Vijana wengi waliomaliza masomo hapa wanadhani nafasi kama hizo ni bursi za kuombea kwa machozi. Sivyo. Nafasi ya udaktari yenye ufadhili ni kazi, na inaombwa kama kazi. Kuna profesa mwenye mradi, mradi una bajeti, na tangazo linasema wazi anatafutwa mtu wa kufanya nini. Chukua mpango wa Umoja wa Ulaya unaobeba jina la Marie Skłodowska-Curie. (Jina hilo si geni katika Katanga ya zamani: sklodowskite, jiwe la urani lililopatikana Shinkolobwe na kuelezwa mwaka 1924, lilipewa jina la mama huyo.) Mitandao ya udaktari ya mpango huo iko wazi kwa watu wa taifa lolote. Anayechaguliwa anaajiriwa kwa mkataba, na anapata mshahara na bima. Matangazo yanawekwa kwenye tovuti ya EURAXESS na kuyasoma ni bure. Sharti moja ni kwamba mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi atakayokwenda kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Sharti hilo linawatoa waombaji wengi wa Ulaya kwenye nafasi za nchi zao wenyewe, wakati kijana wa Manika au Dilala amelitimiza bila jasho.

Basi anakwama wapi? Mara nyingi kwenye neno moja, lisansi. Mtu aliyesoma katika mfumo wa zamani alifanya miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi, jumla 5, akatetea kazi yake mbele ya walimu. Kwenye faili anaandika tu kwamba ana lisansi. Lakini Ufaransa lisansi ni miaka 3. Anayesoma faili kule hana muda wa kuchunguza historia ya elimu ya Kongo, na faili inakwenda kwenye rundo la wasio na masta. Mfumo mpya wa LMD utaondoa tatizo hilo kwa wadogo zetu, ila kuna kizazi kizima cha wahandisi na wanakemia chenye diploma ya zamani. Karatasi moja ya chuo, yenye muhuri, inayoeleza miaka 5 hiyo na kazi ya mwisho, ingesaidia faili nyingi. Si zote, maana maabara nyingine zitaendelea kudai masta. Lakini UNILU na Chuo Kikuu cha Kolwezi vingeweza kuiandaa kwa Kifaransa na Kiingereza na kumpa kila anayeiomba, bila kumzungusha ofisi kwa ofisi.

Halafu kuna barua za walimu. Tangazo linaomba majina ya walimu wawili au watatu, na maabara inawaandikia moja kwa moja. Profesa wetu asipojibu ndani ya wiki mbili, faili imekufa, na kijana hatajua kilichoiua. Wakubwa wetu wa vyuo watusamehe, lakini hili halihitaji msaada wa nchi yoyote.

Kwa mwombaji mwenyewe, tungesema aache kuanza barua yake na umaskini wa familia. Profesa wa kemia anatafuta mtu atakayesimama mbele ya mashine na kujua anachokiona. Aliyefanya kazi ya mwisho juu ya heterogeniti, au aliyekaa miezi sita katika maabara ya kiwanda akipima shaba, ana kitu ambacho mwanafunzi wa Paris hana. Aandike hicho kwanza. Ataje sampuli alizoshika, kifaa alichotumia, matokeo aliyopata, na pale alipokosea mahesabu akarudia. Na asimpe komisioneri hata franki moja. Maabara inayotoa mshahara haikuombi pesa ya kufungua faili.

Gharama halisi ni nyingine, nayo ndiyo inayotuuma. Mtihani wa Kiingereza unaotambuliwa kimataifa unagharimu karibu dola 200 au zaidi, na visa ya Ulaya mara nyingi inamlazimu mtu kufika Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa ndege kutoka hapa, akalale huko akisubiri jibu. Hayo yote ni kabla ya mshahara wa kwanza. Kijana anaweza kushinda nafasi ya miaka minne na kuipoteza kwa kukosa tiketi ya Kinshasa.

Pesa zipo. Kodi ya madini mwetu, ile tunayoita redevansi, inagawanywa kwa mujibu wa Kodi ya Madini ya 2018, maana ndivyo sheria yenyewe tunavyoiita: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji na sekta zenye migodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, makampuni yanatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wanaozunguka migodi. Tumeona pesa hizo zikijenga shule na barabara, na ni vizuri. Lakini kizazi kijacho ni nani, kama si msichana mwenye diploma ya metalujia anayeuza mikopo ya simu kando ya barabara?

Wapo watakaosema: mkiwalipia, hawatarudi. Wengine hawatarudi, kweli. Ila kwa sasa tunawapoteza wakiwa hapa hapa, na vyuo vyetu vinahitaji madaktari wa kusimamia thesi za wengine. Jimbo linaweza kuandika mkataba: tunakulipia safari ya kwanza, nawe unarudi kufundisha muhula mmoja kila mwaka, au sampuli zako za utafiti unazichukulia Lualaba pamoja na wanafunzi wetu. Makampuni nayo, yanapofungulia watafiti wa nje milango ya migodi, yangeweza kudai kwamba angalau mwanafunzi mmoja wa udaktari katika mradi huo awe Mkongomani.

Tuseme kila mwombaji aliyepata nafasi apewe dola 1,500 kwa mtihani, ndege na visa. Waombaji 20 kwa mwaka ni dola 30,000, chini ya bei ya jeep moja mpya kati ya zile zinazopita kila asubuhi mbele ya ofisi za jimbo. Bajeti ya mwaka ujao itapita mikononi mwa wabunge wa jimbo kabla ya Desemba kwisha, na tutatazama kama mstari huo umo.