Rubona Isisahaulike: Barua kwa Watu wa Gisenyi

Ndugu zetu wa Gisenyi,

Huku Ubelgiji watu hufunga safari ya siku moja kwenda kutazama vijiji vilivyokuwa vya makaa ya mawe. Mgodi wa Blegny, karibu na Liège, ulifungwa 1980, lakini mpaka leo mgeni huvishwa koti na kofia ngumu, akaingizwa kwenye lifti ya chuma na kushushwa mita 30, kisha 60, chini ya ardhi. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka Blegny pamoja na migodi mingine mitatu ya Wallonia katika urithi wa dunia. Nawaandikia kwa sababu Gisenyi nayo ina historia ya nishati ambayo mgeni anastahili kuonyeshwa, na tunaiacha ipotee huku tukimpeleka ufukweni tu.

Historia hiyo iko Rubona, kusini kidogo ya mji, jirani na kiwanda cha bia cha Bralirwa. Tangu 1963 gesi ya methani ya Ziwa Kivu ilivutwa hapo na kupelekwa kiwandani kuwasha boila. Namna ilivyotolewa inastaajabisha. Bomba linazamishwa mamia ya mita, kwenye maji yaliyobeba gesi iliyoyeyuka. Maji yakianza kupanda, mgandamizo unapungua, gesi inatoka kwa mapovu, na mapovu hayo yanayainua maji yenyewe. Pampu inahitajika mwanzoni tu. Juu, gesi inaoshwa kwa maji ili hewa ya ukaa ipungue na methani iwake vizuri. Mtambo wa KivuWatt kule Karongi, wa megawati 26, uliozinduliwa 2016, unafuata kanuni hiyohiyo, na wa Shema Power hapo Rubavu, uliojengwa kwa megawati 56, vilevile. Kwa hiyo aliyeelewa Rubona ameelewa umeme wa ziwa zima.

Wapo watakaosema kwamba Rubona haina msiba wa kukumbukwa kama ule wa Bois du Cazier, mmoja wa migodi ile minne ya Wallonia, ambako watu 262 walikufa 8 Agosti 1956, 136 kati yao wakiwa Waitaliano waliokuja kutafuta riziki. Ni kweli, na tushukuru. Lakini hatari tunayo, tena iko chini ya mitumbwi ya wavuvi wa sambaza. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kamerun lilifoka hewa ya ukaa na kuua watu wapatao 1,700, nalo ni dogo mno mbele ya Kivu. Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, sehemu ya Goma iliamriwa kuhama, ziwa likiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, na maelfu wakavuka mpaka kuja kwenu. Siku kama ile, raia anayejua gesi imelala wapi na inatolewaje hayumbishwi ovyo na uvumi. Elimu hiyo haipatikani kwenye mchanga wa ufukweni.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: shule na maji safi kwanza, makumbusho baadaye. Silipuuzi. Ila ninachoomba hakianzii kwenye jengo. Bois du Cazier haikuokolewa na matajiri. Waliokuwa wachimbaji na jamaa za waliokufa ndio waliokataa ibomolewe, na milango ikafunguliwa kwa wageni 2002. Kwetu, kijana aliyeajiriwa Rubona 1963 akiwa na miaka 20 sasa amepita 80. Simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti yake, kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili, akieleza zamu zilivyopangwa, vali zilivyofungwa, na walichofanya gesi ilipovuja. Walimu wa sayansi wa Rubavu wanaweza kuwatuma wanafunzi kwa wazee hao likizo hii, na vijana wanaowapeleka wageni kwenye chemchemi za maji moto za Nyamyumba wakaongeza nusu saa ya Rubona katika ziara yao. Sisi tulio huku tutafute picha na michoro iliyobaki katika hifadhi za Ubelgiji, maana kampuni iliyojenga mtambo ule ilitoka hapa.