Dawa ya malaria inahitaji mafuta

Mgonjwa wa malaria anatoka kituo cha afya na Coartem mkononi: mara 2 kwa siku, siku 3. Mara nyingi haambiwi kwamba ameze vidonge pamoja na chakula chenye mafuta. Lumefantrini iliyo ndani yake haiyeyuki vizuri katika maji; bila mafuta, kiasi kidogo tu huingia katika damu. Malaria ikirudi, tunasema dawa ni feki.

Maziwa kidogo au sombe yenye mawese yanatosha. Asiye nacho asiache dawa. Lakini katika kambi za wakimbizi wa ndani, wengi hula mara 1 kwa siku. Wauguzi waseme jambo hili, na wanaogawa dawa wafikirie chakula pia.