Saada Arudishiwe Kauli

Ramadhani iliyopita, baada ya futari, watoto wa dada yangu walinibana wakitaka hadithi. Nikawapa Fumo Liyongo. Nilijitahidi kuipamba: Liyongo yuko kifungoni Pate, anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake, mama anatayarisha vyakula vitamu pamoja na mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani, walinzi wanajilia vitamu na kuudharau wa wishwa, na usiku watu wakiwa wamezama kwenye ngoma ya gungu, Liyongo anazikata pingu taratibu. Wavulana walikuwa wamekaa wima. Binti wa miaka tisa akaniuliza: "Mjomba, na Saada je? Walipojua, walimfanya nini?"

Sikuwa na jibu. Hadithi hii nimeisikia tangu sijaanza shule, na swali hilo halikuwahi kunijia. Kwangu Saada alikuwa miguu tu ya kufikisha mkate. Kumbe ukimtazama vizuri, ukombozi ule wote ulipita mikononi mwake: aliubeba ujumbe kichwani bila kudondosha neno, akaufikisha, kisha akarudi mbele ya wanaume wenye silaha na tupa imo ndani ya mkate, uso wake mkavu. Liyongo alikuwa na nguvu za mwili. Huyu alikuwa na moyo, nasi tumemsimulia kwa karne kadhaa kama sinia lenye miguu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza redio kwa sikio jingine. Asubuhi moja ndani ya daladala, msomaji wa habari alisema kwamba wanafunzi kadhaa "wamepata mimba". Wamepata, kama mtu anavyopata kazi, au anavyopata shilingi njiani. Sheria ya Tanzania, baada ya marekebisho ya 2016, inamwekea kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Maana yake sheria inajua kwamba kuna mtu. Habari ile haikumjua. Abiria mmoja akasikitika, "Watoto wa siku hizi," na safari ikaendelea.

Shuleni tulikaririshwa kauli za vitenzi: kutenda, kutendwa, kutendana. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, mtoto wa kike anaozwa. Sikilaumu Kiswahili, maana ni hichohicho kinachotupa "wameoana", neno zuri tunalolitumia kwa ubahili. Wala kutendwa si uongo; aliyepigwa amepigwa, na aseme hivyo. Lakini kauli ya kutendwa inakuja na kineno chake kidogo, "na", na hicho ndicho kinachodondoka kila tunapozungumza habari za wanawake. Alipigwa na nani? Aliachishwa shule na nani? Aliozwa na nani, kwa ng'ombe wangapi, na waliokula pilau ile ni kina nani?

Kuna mahali pamoja ambapo mwanamke hupewa kauli ya kutenda bila ubahili wowote: kwenye lawama. Anadanga. Anachuna buzi. Anavunja ndoa za watu. Mwanamume mwenye pochi nene na umri wa baba yake binti huyo ghafla amegeuka mbuzi, mnyama aliyekuwa akijilia majani yake mpaka alipokamatwa. Nyimbo ngapi za mapenzi zimejengwa juu ya mbuzi huyu! Na vile vichekesho vya kwenye simu, mwanamume amejifunga khanga na kubana sauti, ni mama mkwe mkorofi, ni mke mbea, ni dada wa kazi asiyejua kutofautisha chumvi na sukari. Nami nacheka, sitaki kujifanya mtakatifu; baadhi yao ni wachekeshaji hodari. Ila nimeanza kuona kwamba nacheka kitu kilekile kila juma, na kwamba wale mabinti walio pembeni yangu hawacheki kama zamani.

Darasani pia. Wengi wetu tulimsoma Rosa Mistika wa Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, na Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Wasichana wawili, baba wawili. Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Maksuudi anamfungia Maimuna ndani ya nyumba kama kitu cha thamani kisichotakiwa kuonekana. Waandishi wote wawili, kwa macho yangu, wanaonyesha kidole kwa baba. Sasa kumbuka maswali ya mtihani uliyokutana nayo: wasichana wanapata funzo gani kutokana na maisha ya Rosa? Sikumbuki hata mara moja kuulizwa akina baba wanapata funzo gani kutokana na Zakaria. Kitabu kilisema kitu kimoja, sisi tukakisoma kwa miwani ya kijiji.

Mwalimu, naomba uanze wewe. Huna haja ya kungoja mtaala mpya. Liandike swali la Zakaria ubaoni kesho, uone wavulana watakavyojikuna vichwa. Na kama uko Kenya na unaifahamu tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Natala, ya 1997, wape wanafunzi wako huyo mjane anayekataa kurithiwa na shemeji yake. Anakataa: kauli ya kutenda, na hakuna lawama ndani yake.

Kumpa mwanamke kauli ya kutenda si jambo geni kwetu, wala halikuletwa na semina. Siti binti Saad, mwimbaji mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliingia mjini akiuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake. Waliomwonea gere walimtungia wimbo wa kumbeza, kwamba mtu wa kaniki naye kawa mtu lini. Yeye hakulia, alijibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya sura, na huo ndio unaokumbukwa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akiimba taarabu kwa Kiswahili. Katika nyimbo zake kuna ule wa Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kisha akatoroka, huku wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu wakibebeshwa adhabu. Mahakama ilikuwa imekwisha kusema yake. Siti aliifungua kesi upya kwa ngoma na fidla, mtendaji akatajwa kwa jina, na kisiwa kizima kikaimba. Hebu niambie ni mwandishi gani wa habari aliyefanya zaidi ya hapo.

Ndiyo maana Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoundwa 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Kina mama hao walikuwa na mbinu moja ninayoipenda: kuchagua suala moja na kulirusha kwa pamoja magazetini na redioni, likakaa mezani kila nyumba kwa wakati mmoja, hata mtu asipate pa kugeukia. Kampeni yao dhidi ya ukatili ilisaidia kuzaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Vilevile wenye umri wangu watakumbuka Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na wanawake kila kituo. Mkewe Tunu angeweza kubaki akilia jikoni vipindi vyote, kama walivyozoea kulia wake wa kwenye michezo. Badala yake aliondoka na kuanzisha biashara yake. Katika vibanda vya kahawa watu walibishana kuhusu Tunu kana kwamba ni jirani. Mwandishi wa mchezo ule alibadilisha kitenzi kimoja tu, kutoka "aliachwa" kwenda "aliondoka".

Kwa hiyo, wahariri wetu, ombi langu kwenu ni dogo na halina gharama: kirudisheni kile kineno "na". Polisi wakikupa taarifa kwamba binti kapewa mimba, usifunge simu kabla hujauliza na nani, na amekamatwa au bado. Jina la binti lifiche, picha yake usiitoe, hata ya mgongoni yenye sare ya shule inayotambulika kijijini kwao. Na unapotafuta mtu wa kukueleza bei ya mbolea au bajeti ya wilaya, mpigie mwanamke anayeijua. Uchunguzi wa kimataifa wa vyombo vya habari, unaorudiwa kila baada ya miaka mitano, ulikuta mwaka 1995 kwamba kati ya watu 100 waliotajwa au kuhojiwa katika habari, wanawake walikuwa 17. Mwaka 2020 walikuwa 25. Miaka 25, watu wanane. Konokono angekuwa amekwisha kufika Mtwara.

Enyi mnaotunga nyimbo na kuandika filamu, siwaombi wanawake wasio na dosari. Msituletee malaika, malaika hawana kisa. Mleteni mwanamke mwongo, mchoyo, mwenye wivu, mradi awe na anachokitaka mwenyewe, tukijue, na tumwone akikihangaikia. Hata mama mkwe mkorofi ana sababu zake. Naye alikuja akiwa mke wa mtu mahali palepale miaka thelathini iliyopita, na aliyempokea hakuwa mpole.

Nasi wengine, wenye vidole vya kusambaza video kabla hatujazitazama mara mbili, tuna kazi yetu. Picha ya msichana aliyelewa au aliyeanguka uwanjani haifiki kwenye simu 1,000 kwa miguu yake. Inatumwa na mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mimi, ni wewe, ni yule shemeji wa kwenye kundi la harusi ambaye hakosi kitu.

Mwisho wa yote nazungumza na wanaume wenzangu, akina baba na wajomba, tunaosimulia hadithi usiku umeme ukikatika. Usibadilishe hadithi ya wazee kama hutaki. Anzia tu mahali pengine. Anzia jikoni ambako mkate unaokwa, au kwa mama Liyongo anayekubali kuchezea hatari ile kwa ajili ya mwanawe. Sita pale Saada anaposimamishwa na walinzi, uwaulize watoto moyo wake ulikuwa unakwendaje. Utashangaa wanachokijua.

Yule binti wa dada yangu hajaridhika na kimya changu. Tumekubaliana kwamba Ramadhani ijayo msimulizi atakuwa yeye, nami nitakaa mkekani na wavulana. Amekataa kunieleza kisa chote. Amenipa mwanzo tu: usiku ule gungu lilipokolea, Saada hakuwa jikoni.