Kambi ya Vijana: Usimpe Kijana Semina Tu, Mpe Jukumu

Leo tuache kidogo mbolea na mbegu. Tuzungumzie vijana wetu wa miaka 16 hadi 19.

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba. Anayechaguliwa kidato cha tano kwa kawaida huripoti Julai. Hapo katikati kuna karibu miezi saba ya kukaa nyumbani. Asiyechaguliwa ndiyo kabisa, hana tarehe ya kuripoti popote.

Mama mmoja katika kata yangu alinijia na kipeperushi cha kambi ya vijana: kupanda mlima, kulala kwenye mahema, masomo ya uongozi. Ada ilikuwa sawa na bei ya mbuzi wake wanne. Akaniuliza, "Bwana shamba, niuze?"

Nikamwambia, "Mama, usiuze kwanza. Waulize wenye kambi swali moja: mwanangu ataamua nini huko, na akikosea kitaharibika nini?"

Huo ndio msimamo wangu. Kambi ambayo kila kitu kimeshaamuliwa na watu wazima ni matembezi. Ni mazuri, lakini hayazai kiongozi.

Wala si mawazo yangu peke yangu. Mwaka 1907 Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya, aliwapeleka vijana wapatao 20 kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Aliwagawa katika vikundi vidogo, na kila kikundi kikaongozwa na kijana mwenzao. Hapo ndipo skauti ilipoanzia. Mwaka 1941, katikati ya vita, Kurt Hahn na mwenye meli Lawrence Holt walianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Holt alitaka mabaharia vijana wajifunze kustahimili shida za baharini. Baadaye shule ya aina hiyo ilifunguliwa hapa jirani, Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro upande wa Kenya. Mlima na bahari vilikuwa darasa tu. Somo lilikuwa kubeba dhamana.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Niliwahi kukusanya vijana 12, tukapewa na kijiji robo eka karibu na mto, tukalima nyanya. Tarehe ya kupanda nilipanga mimi, mnunuzi nilimtafuta mimi. Mavuno yalikuwa mazuri, nikapiga na picha. Msimu uliofuata nikaenda mafunzo wiki sita. Nimerudi, kitalu kimekauka na mto uko hatua 50. Nilipowauliza, mmoja akanijibu kwa heshima zote, "Tulikuwa tunakusubiri, afisa." Hawakuwa wavivu. Mimi ndiye niliyewafundisha kusubiri.

Kundi lililofuata nililifanyia tofauti. Wewe pia unaweza, kwa gharama ndogo:

1. Uongozi uzunguke. Kila wiki kiongozi mpya, hata yule mkimya. Tukisema wachague, watamchagua mwenye sauti kubwa siku zote.

2. Fedha na daftari wakae navyo wao. Wewe kagua kila mwisho wa wiki.

3. Hasara ndogo waachie. Kundi lile lilichelewa kukagua majani, kantangaze akala matuta matatu. Niliuma ulimi. Jioni wakakaa, wakabishana, wakaandika zamu ya ukaguzi wenyewe. Zamu ile ilifuatwa kuliko ratiba yoyote niliyowahi kuwaandikia.

4. Waende safari moja ngumu. Sisi tulifuata mto wetu hadi kwenye chanzo, siku mbili kwa miguu. Wao walipanga njia, unga na maharage, wakaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji. Usiku wa kwanza ikagundulika hakuna aliyebeba kiberiti. Tulilala na karanga mbichi. Lakini waliona kwa macho yao watu wanaolima hadi ukingoni mwa chanzo, na kurudi kwao walilisema jambo hilo mbele ya mkutano wa kijiji. Wazee walisikiliza.

5. Baada ya kila kazi, kaeni nusu saa. Nini kimekwenda vizuri, nini kimeharibika, kesho tufanyeje? Bila kikao hicho, tabu inabaki tabu tu.

Sasa angalizo. Kuwaachia hasara si kuwaachia hatari. Kiuatilifu mimi siruhusu aliye chini ya miaka 18 akishike. Safari yoyote iwe na ridhaa ya wazazi, watu wazima wawili au zaidi, na mmoja awe mwanamke kama kuna wasichana. Beba sanduku la huduma ya kwanza. Masika msivuke mto. Tena shamba la vijana lisigeuke vibarua vya bure vya mwalimu, mwenyekiti au afisa ugani. Kinachouzwa ni chao.

Utaniambia JKT ipo. Ni kweli, na inafanya kazi yake, lakini mafunzo yale ya mujibu wa sheria ni ya wanaohitimu kidato cha sita. Huyu wako wa kidato cha nne yuko nyumbani leo.

Yule mama aliwauliza wenye kambi. Wakamjibu kuwa vijana watafundishwa sifa kumi za kiongozi bora. Mbuzi hakuuza. Mwanawe alijiunga na kundi letu, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa wiki ile tuliyolala bila moto. Safari iliyofuata alibeba viberiti vitatu.

Kama una kijana nyumbani, anza wiki hii. Mpe tuta moja, au kuku watano, au daftari la mauzo ya maziwa. Kisha ujizuie kumwamulia. Hapo ndipo penye ugumu, na ugumu huo ni wako wewe mzazi.